Jino huoza, huliwa au hutoboka?

Swali: Salaam aleikum, Mwalimu. Mwanangu aliandika katika kazi ya sayansi kwamba "vimengenya vya mate huozesha meno." Mwalimu wake kaikata sentensi nzima kwa wino mwekundu. Nyanyake naye ashikilia kuwa jino limeliwa na mdudu. Kiswahili sahihi ni kipi? (Mama wa Kisauni)

Jibu: Wa aleikum salaam, dada. Kisarufi, sentensi ya mwanao ina dosari moja tu, nayo ni ya tahajia: ni vimeng'enya, kwa ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. Ni vichocheo vya mwilini vinavyoharakisha kazi kama kusaga chakula. Neno hili latokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo vidogo. Wengi hulichanganya na kumung'unya, na si ajabu, maana yote mawili ni ya kinywani. Lakini bibi asiye na meno humung'unya ndizi kwa ufizi. Kinachoimeng'enya ni mate yake. Ukipenda kusema enzaimu, sema, haina ubaya. Mimi kimeng'enya hunipendeza zaidi kwa kuwa chaitaja kazi yake waziwazi.

Kuozesha pia ni kitenzi halali, ila kina pacha. Hapa Mombasa ukisema fulani amwozesha binti yake, watu watauliza harusi ni lini. Huyo atoka kwa kuoa. Wa meno atoka kwa kuoza, kuharibika. Mizizi ni mbali, sauti ni moja, na muktadha ndio utakaoamua.

Kosa lenyewe, dada, liko kwenye kiima: nani amefanya nini? Mpe mwanao kipande cha mkate usiotiwa sukari. Akitafune polepole, akae nacho mdomoni asikimeze. Baada ya muda ataanza kuhisi utamu ambao hakuukuta mwanzoni. Hiyo ni kazi ya amilasi, kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga na kuufanya sukari, hasa maltosi. Jino bado halijaguswa. Anayefuata ni bakteria, na anayetajwa sana ni Streptococcus mutans: hula sukari, kisha hutoa asidi. Asidi ikizidi ukali, yaani pH (kipimo chake, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba gumu la nje la jino huanza kupoteza madini yake. Likiendelea hivyo siku nenda siku rudi, hutoboka.

Kwa hiyo mwanao hakusema uongo mtupu. Kachiri za muhogo zikinata kwenye mashimo ya magego, amilasi huendelea kuzimeng'enya papo hapo na bakteria wakapata chakula. Ina mkono wake. Lakini kuyatwika mate lawama yote ni kuyaonea, kwani mate hayohayo huosha meno, hupunguza makali ya asidi na hulirudishia jino kalsiamu na fosfeti. Ndani yake mna pia laisozaimu, kimeng'enya kinachopasua kuta za baadhi ya bakteria. Mwanasayansi Alexander Fleming alikitangaza mwaka 1922, kabla ya kuigundua dawa ya penisilini. Usiku mate hupungua sana, ndiyo maana mswaki wa kabla ya kulala una uzito kuliko wa wakati mwingine wowote. (Na kwa upande wa lugha: mate ni ya ngeli ya YA-YA kama maji, kwa hiyo andika mate yamepungua, usiandike mate imepungua.)

Sasa nyanyake. Imani ya mdudu wa jino ni kongwe na imezunguka nchi nyingi. Daktari wa meno Pierre Fauchard wa Ufaransa aliikataa katika kitabu chake cha mwaka 1728. Ikiwa nyanya anakusudia funza anayechimba, hapo amekosea. Lakini sisi Pwani husema mdudu hata kwa kiini cha maradhi kisichoonekana, na mwaka 1890 Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza kuwa bakteria wa kinywani ndio wanaogeuza chakula kuwa asidi inayoharibu meno. Angalia basi: limeoza lasikika kana kwamba jino limejiharibikia lenyewe, kama embe lililosahaulika kapuni. Limeliwa lina mtenda. Kwangu mimi kauli ya nyanya iko karibu zaidi na ukweli, na nyumbani msimkosoe. Limetoboka litumie shimo likishaonekana.

Darasani, mwanao aandike hivi: "Vimeng'enya vya mate humeng'enya wanga ukawa sukari, bakteria hula sukari hiyo na kutoa asidi, asidi huyeyusha madini ya jino." Viima vitatu, kila kimoja na kitenzi chake.