Maswali ya Wasomaji: Wingu Dogo Katika Anga ya Lamu

Katika safu iliyopita niliwahimiza wasomaji waitafute galaksi ya Andromeda, ambayo ni galaksi (mkusanyiko mkubwa mno wa nyota) kubwa iliyo karibu zaidi na yetu na inayoonekana kwa macho matupu. Maswali yamekuja mengi, na haya ndiyo niliyoyachagua.

Nimekesha juu ya paa hapa Shela mara mbili bila kuiona. Niitafute wapi?

Huenda ulikosea wakati, au mwezi ulikuwa angani. Ngoja mwanzo wa Desemba, wakati kaskazi imeanza kuvuma na mawingu ya vuli yamepungua, uchague usiku usio na mwezi, kisha baada ya sala ya Isha, kiasi cha saa mbili za usiku, uelekee kaskazini. Utaona nyota tano zilizojipanga mfano wa herufi M; hilo ndilo kundi la Mke wa Kurusi. Kilele cha kushoto cha M hiyo kimechongoka zaidi kuliko cha kulia. Nyosha mkono, kunja ngumi, na upime ngumi moja na nusu kwenda juu kutoka kileleni hapo. Utakachokiona ni ukungu mwembamba uliotandazwa, si nyota. Mnajimu wa Kiajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliuandika katika kitabu chake cha nyota mwaka 964 na kuuita wingu dogo, na sijaona bado maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo. Simu iache ndani ya nyumba, kwa kuwa jicho huhitaji takribani dakika 20 kulizoea giza, na mwanga wa kioo chake hukurudisha mwanzo.

Mimi nimeiona, lakini ni doa la kijivu tu. Mikono ya mzunguko na rangi za kwenye picha ziko wapi?

Malalamiko haya nimeyapokea zaidi ya yote, nami nayaelewa. Jicho haliweki akiba ya nuru. Hupokea kidogo na kukitumia papo hapo, ilhali kamera huachwa wazi kwa dakika nyingi, pengine saa kadhaa, ikijumlisha nuru juu ya nuru. Zaidi ya hayo, katika mwanga hafifu jicho hupoteza uwezo wa kutambua rangi. Galaksi yenyewe ni pana mno, kiasi cha miezi mpevu sita iliyopangwa sambamba, ila wewe umeona kitovu chake peke yake. Isitoshe, imelala karibu ubavu kwetu, kwa hiyo mikono yake haijitokezi hata kwa darubini ya wastani. Umbo hilo la mikono iliyojisokota kutoka kitovuni liligunduliwa kwanza katika galaksi nyingine, M51, mwaka 1845, na Lord Rosse wa Ireland, aliyekuwa na darubini yenye kioo cha upana wa karibu mita mbili. Ujanja mmoja wa kukusaidia ni kutoikazia macho: itazame kwa pembeni kidogo, nawe utaona doa likitanuka.

Inasemekana iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Nambari hiyo hainiambii kitu. (Mwanafunzi, Mpeketoni)

Wala mimi hainiambii kitu, hata nikijua kuwa mwaka wa nuru ni umbali unaosafiriwa na nuru kwa mwaka mmoja, kwa hiyo tuziache sufuri tutumie pilipili manga. Chukua punje moja, uiweke Mkunguni, pale mbele ya Ngome ya Lamu, na uifanye kuwa ndiyo jua. Dunia itakuwa chembe ya vumbi iliyo umbali wa kiasi cha dhiraa moja kutoka punje hiyo. Nyota jirani iliyo karibu zaidi na jua itabidi uipeleke Malindi, na katikati, kutoka Mkunguni hadi Malindi, hakuna nyota nyingine hata moja. Sasa badilisha kipimo: ifanye galaksi yetu yote, Njia ya Maziwa, kuwa sinia la pilau lenye upana wa nusu mita. Andromeda itakuwa sinia jingine lililotengwa kiasi cha mita 12 tu, pengine katika baraza ya jirani. Hapo ndipo nilipostaajabu mimi mwenyewe: nyota zimetawanyika mno, bali galaksi, kwa ukubwa wake, zimekaribiana kama wageni wa harusi.

Ndiyo maana msomaji mwingine aliyeuliza kama Andromeda itatugonga hana haja ya kupoteza usingizi. Inatukaribia kweli, kiasi cha kilomita 110 kwa sekunde. Hesabu za mwaka 2012 zilitabiri mgongano baada ya takribani miaka bilioni nne, ila hesabu za 2025 zimeshusha uwezekano huo kufikia kama nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Hata zikikutana, punje ya Lamu na punje ya Malindi ni vigumu kugongana.

Ni nani aliyeupima umbali huo, na kwa kamba gani?

Kwa nyota zinazopwesapwesa. Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha mwaka 1912 kwamba baadhi ya nyota huongeza na kupunguza mwanga kwa mpango, na kadiri mpigo unavyokuwa wa polepole ndivyo nyota ilivyo na mwanga mkubwa wa asili. Ukiujua mwanga wa asili, ukaulinganisha na unaokufikia, umepata umbali. Ni kama nahodha anayeijua taa ya mnara na kukadiria masafa kwa ufifi wake. Mwaka 1923, Edwin Hubble aliikuta nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda. Umbali alioukadiria ulikuwa mdogo kuliko tunaoujua leo, lakini ulitosha kuthibitisha kwamba lile wingu dogo liko nje kabisa ya Njia ya Maziwa.

Je, pwani yetu imechangia lolote katika elimu hii? (Msomaji, Ngomeni)

Unaishi palepale, ndugu yangu! Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kwa kuwa ilikuwa siku ya Jamhuri, ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba katika makundi ya galaksi kumejaa gesi yenye joto kali mno, isiyoonekana kwa jicho wala kwa darubini ya kawaida.

Nikitaka kununua darubini, nianze na ipi?

Anza na ile ya mikono miwili, ya macho mawili, iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Ukiitumia ufukweni, puliza kwanza chembe za mchanga na chumvi kabla ya kugusa kioo, na usikifute kwa ncha ya kikoi.