Tiketi imefungwa, laptopu bado mbovu: nifanye nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nilinunua laptopu kwenye duka kubwa la mtandaoni, tena yenye waranti. Baada ya miezi miwili skrini ikaanza kuzima ghafla, hasa ninapoinua kifuniko. Niliirudisha ikatengenezwe, ikaletwa na karatasi inayosema "hakuna hitilafu iliyoonekana". Duka linaniambia nimtafute mtengenezaji, mtengenezaji anasema nirudi dukani. Kila nikipiga simu naanza kueleza upya, roboti ya mazungumzo inanizungusha, na jana nimepata ujumbe kwamba tatizo langu "limetatuliwa". Kwa nini kampuni zenye uwezo wote huo zinashindwa jambo dogo hivi? Na nifanye nini nirudishiwe pesa yangu?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Una haki ya kukasirika. Nianze na huo ujumbe wa jana, kwa sababu una muda wake.

Katika mifumo mingi ya huduma kwa wateja, tiketi, yaani faili la lalamiko lako, ikiandikwa "imetatuliwa" huwa bado haijafungwa. Hukaa hivyo siku chache, na ukijibu kwenye barua pepe ileile inafunguka tena pamoja na historia yake yote. Siku hizo zikipita, mfumo unaifunga wenyewe. Ukiandika baada ya hapo unapewa tiketi mpya, na mhudumu atakayeipokea anakuona kama mteja aliyekuja leo. Kwa hiyo, kabla hujaendelea kusoma, fungua ujumbe ule ujibu hivi: "Tatizo halijatatuliwa. Naomba tiketi hii ifunguliwe tena." Usipige simu nyingine, wala usijaze fomu mpya.

Sasa kuhusu kwa nini. Kazi yangu ni kuunda na kurekebisha mifumo hii, kwa hiyo nakueleza kinachoonekana upande wa pili wa simu. Mbele ya mhudumu kuna skrini yenye jina lako na oda zako, saa inayohesabu sekunde tangu alipopokea, orodha ya sababu za kuchagua, na majibu yaliyoandikwa tayari. Kiasi anachoruhusiwa kurudisha bila kibali kimeshawekwa, na bei ya laptopu kwa kawaida inazidi kiasi hicho. Mara nyingi anapimwa kwa wastani wa muda wa simu zake na idadi ya tiketi alizomaliza. Akitulia nusu saa asome historia yako yote, hesabu zake za siku zinaharibika. Akikwambia "wasiliana na mtengenezaji", simu inaisha haraka na kwenye ripoti anaonekana mchapakazi. Wewe ndiye unayepigwa danadana, lakini kila aliyeugusa mpira amepata alama nzuri.

Ndiyo maana kumfokea hakusaidii. Hana ufunguo wa mlango unaoutaka.

Foleni nayo ina hesabu zake, na si siri. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za foleni za simu mwaka 1909, na vituo vya huduma hadi leo hupanga idadi ya wahudumu kwa kanuni zilizotokana na kazi yake. Chukua mhudumu mmoja anayetumia wastani wa dakika 6 kwa simu, na simu zinaingia bila mpangilio. Akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mpigaji atasubiri wastani wa dakika 24. Ukimbana afikie asilimia 90, kusubiri kunakuwa dakika 54. Kwa asilimia 95, dakika 114. Wahudumu wakiwa wengi kwenye foleni moja muda huo unapungua sana, lakini mwelekeo haubadiliki: kadiri unavyokaribia kuwatumia kikamilifu, ndivyo foleni inavyolipuka. Mkuu wa idara anayepunguza watu wachache ili kubana matumizi anaijua hesabu hii, au anao wataalamu wa kumweleza. Mshahara uliookolewa unaingia kwenye vitabu vya kampuni. Saa ulizopoteza wewe ukisikiliza muziki wa kusubiri haziingii kwenye kitabu chochote. Kwangu mimi hapo ndipo penye mzizi: si kwamba wanashindwa, bali gharama ya kushindwa wameihamishia kwako.

Roboti inatoka kwenye hesabu hiyohiyo. Kipimo chake kikuu mara nyingi ni mazungumzo mangapi yameisha bila kumfikia binadamu. Ukikata tamaa ukafunga dirisha, yapo mahali ambako hilo linahesabika kuwa mafanikio. Basi usiondoke kimya. Andika wazi kwamba unahitaji kuongea na mtu, kisha piga picha ya skrini ya kila ilichokujibu. Majibu ya roboti ni majibu ya kampuni. Mwezi Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua dhidi ya shirika la ndege la Air Canada baada ya roboti yake kumpa abiria maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu ya aliyefiwa. Shirika lilijitetea kana kwamba roboti ile inajitegemea na inawajibika yenyewe. Baraza lilikataa utetezi huo, likaamuru abiria alipwe.

Turudi kwenye laptopu yako, maana hapa kuna jambo la kiufundi ambalo hakuna mhudumu aliyekuuliza. Skrini inayozima kifuniko kinaposogezwa mara nyingi ina tatizo kwenye waya unaopita ndani ya bawaba. Kila unapofungua na kufunga, waya ule unapinda. Ukichakaa au kulegea unakata mawasiliano katika pembe fulani tu. Fundi akiiwasha mezani, kifuniko kikiwa kimetulia mahali pamoja, ataona skrini safi na kuandika kwamba hakuna hitilafu. Huenda hakudanganya. Hakuisogeza tu.

Kwa hiyo mtengenezee ushahidi asioweza kuukwepa. Unganisha laptopu na skrini ya nje au televisheni. Rekodi video moja isiyokatwa: anza na namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine, kisha sogeza kifuniko polepole hadi skrini yake izime huku ile ya nje ikiendelea kuonyesha picha. Hapo umeonyesha kwamba mashine inafanya kazi na kasoro iko upande wa skrini, waya wake au bawaba. Rudia mara kadhaa ndani ya video hiyohiyo. Ikizimika zote mbili kwa pamoja, irekodi hivyohivyo. Ni tatizo jingine, lakini bado ni ushahidi.

Nani anawajibika? Anza na aliyekuuzia. Waranti ya mtengenezaji ni ahadi ya ziada. Mkataba wa mauzo uko kati yako na duka lililopokea pesa. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, agizo la 2019/771 linamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro ya bidhaa kwa angalau miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Tafuta sheria ya kulinda walaji ya nchi yako inasemaje juu ya hilo, uitaje kwa jina na kifungu. Jambo moja la kuangalia: risiti yako ina jina la nani? Maduka mengi makubwa ya mtandaoni huuza bidhaa zao na pia huwapa wengine nafasi ya kuuza. Kama jina ni la muuzaji mwingine, malalamiko yanaelekezwa kwake, na nakala kwa duka kupitia utaratibu wake wa kuwalinda wanunuzi.

Ukishapata video na risiti, jibu kwenye tiketi ileile. Andika kwa ufupi, ombi liwe moja, na tarehe zionekane. Kitu kama hiki:

"Haya ni malalamiko rasmi. Nilinunua kwenu laptopu tarehe fulani, oda namba fulani. Skrini inazima kifuniko kinaposogezwa. Mliipokea kwa matengenezo tarehe fulani, ikarudi na kasoro ileile; video nimeiambatisha. Naomba mnirudishie pesa yote ndani ya siku 14. Kama mnakataa, naomba uamuzi wenu wa mwisho na sababu zake kwa maandishi, pamoja na jina la idara inayopokea rufaa."

Kila sentensi hapo ina kazi. "Malalamiko rasmi" katika kampuni nyingi huitoa tiketi kwenye foleni ya kawaida na kuipeleka kwa watu wenye mamlaka zaidi. Ombi moja humnyima mhudumu nafasi ya kujibu lile jepesi na kuliacha lile zito. Na uamuzi wa mwisho kwa maandishi ndio ambao mamlaka za walaji na wasuluhishi wengi wanauliza kwanza. Ukiambiwa jambo lolote kwa simu, liandike kwenye tiketi siku hiyohiyo: "Leo saa nne mhudumu wenu amenieleza kwamba..." Wasipolikanusha, limebaki kwenye faili.

Wakidai hawana kumbukumbu ya simu zako, tumia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi kama ipo kwenu. Chini ya ile ya Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, unaweza kudai nakala ya taarifa zako, na simu zilizorekodiwa na maelezo ya wahudumu kukuhusu yanaweza kuwa humo. Kwa kawaida kampuni ina mwezi mmoja wa kujibu. Nchi nyingi nje ya Ulaya zina haki inayofanana na hiyo.

Kuhusu kulalamika hadharani mitandaoni: hufanya kazi, kwa sababu mara nyingi timu inayojibu kule ni tofauti na ina uhuru zaidi. Lakini nakusihi uwe mwangalifu. Matapeli huvizia malalamiko ya namna hiyo na kujibu kwa akaunti zenye jina na nembo ya kampuni, kisha wanaomba namba ya kadi au ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako. Hata namba za simu za "huduma kwa wateja" zinazotokea ukitafuta mtandaoni nyingine ni zao. Chukua mawasiliano kwenye tovuti au programu ya kampuni yenyewe, na usimpe mtu yeyote namba ya uthibitisho.

Siku 14 zikiisha bila jibu la maana, na kama ulilipa kwa kadi, nenda benki yako uombe kupinga muamala kwa sababu ya bidhaa yenye kasoro. Wapelekee tiketi nzima, video na karatasi ya fundi. Muda wa kufanya hivyo una kikomo. Kwa Visa na Mastercard aina nyingi za madai hupewa siku 120, ila benki inaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo waulize leo muda wako unaisha lini, usisubiri jibu la duka. Na kabla ya kuwasilisha dai, pakua risiti, picha na nyaraka zote ulizohifadhi kwenye akaunti yako ya kampuni hiyo, kwa sababu zipo kampuni zinazofungia akaunti ya mteja aliyepinga muamala.