Kuku wangu walishiba mahindi, mayai yakapungua

Nilikuwa na matetea 16 nyuma ya nyumba, hapa Igoma, Mwanza. Walipokolea kutaga walinipa mayai 12 mpaka 13 kwa siku. Nikawa nauzia majirani trei na watoto bado wanakula. Kisha yakaanza kushuka: 9, 7, mpaka 5. Nikahofia ugonjwa wa mdondo, nikahofia minyoo, lakini hakuna aliyezubaa wala kuharisha. Walikuwa wanene, wanang'aa.

Afisa mifugo alipofika aliuliza kwanza, "Mama, hawa wanakula nini?" Nikamwambia: mahindi asubuhi, mahindi tena watoto wakirudi shule, ukoko wa ugali jioni, na chakula cha kuku wa mayai hakikosekani kwenye chombo. Akaniomba tuchinje mmoja. Nilipompasua, mafuta yalikuwa yamejaa tumboni, mazito kama kiganja changu, yameifunika firigisi mpaka nikaitafuta kwa vidole. "Hawaumwi," akasema. "Unawalisha ugali bila mboga."

Nilielewa palepale. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9 hivi, na kuku anayetaga anahitaji 16 mpaka 18. Tena tumbo lake lina kipimo: kwa siku anakula gramu 110 mpaka 120 tu. Akishajaza mahindi kile kifuko cha chini ya shingo, chakula chenye protini na chokaa hakigusi. Nilikuwa nanunua chakula kizuri halafu nawashibisha kitu kingine wasikile.

Siku hizi asubuhi mpaka alasiri ni chakula chao tu. Nafaka natoa saa kumi na moja jioni, isizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku. Kwa kuku 15 waliobaki hiyo haifiki hata robo kilo, kwa hiyo nina kopo lake maalumu na watoto wamekatazwa kuongeza. Natumia mahindi ya kuparaza, siku nyingine mtama. Namwaga juu ya maranda, siweki kwenye chombo, maana wanapochakura wanayageuza na banda linabaki kavu.

Ukiwapa nafaka nzima na kuku wako hawatoki nje, wape na changarawe, kwa sababu firigisi inasaga kwa mawe. Hapa Mwanza hatuna shida ya mawe. Mimi huenda kwa akina mama wanaoponda kokoto, nachekecha zile chembe ndogo zinazobaki chini, naosha vumbi, naweka pembeni ya banda. Ndoo moja inakaa miezi.

Kitu ambacho kuku wangu wanakipenda kuliko mahindi ni dagaa, na hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Dagaa wa kulishia mifugo mara nyingi wameanikwa chini, wanakuja na mchanga, nawe unalipia kilo. Ukifika soko la Mwaloni Kirumba, omba konzi moja, itie kwenye kopo la maji, koroga kwa mkono, kisha angalia chini. Mara moja nilikuta mchanga umejaa kimo cha kidole. Nusa pia, dagaa waliovunda waache hapohapo. Nunua siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wanawavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wanapungua na bei inapanda. Wenye chumvi usiwaguse, na hata wazuri usizidishe, yai litanukia samaki.

Mboga za majani wape bila hofu. Mahindi yetu meupe hayatii rangi kwenye kiini, ndiyo maana wateja wanalalamika kiini kimepauka. Funga mchicha kwa kamba, uning'inize kimo cha kichwa chao, waurukie. Chokaa ya mifugo (si ile ya kupaka ukuta) au maganda ya konokono wa ziwani yaliyopondwa weka kwenye chombo chake, kila mmoja ajichukulie. Vifaranga wasipewe, chokaa nyingi inawaharibu figo. Maharage mabichi, ganda na kokwa ya parachichi, viazi vilivyogeuka kijani: hapana.

Sasa hili naomba mnisikilize vizuri. Kuna tabia ya kusema mahindi yakiota ukungu basi "wape kuku." Niliwahi kuuziwa gunia kwa bei ya chee, kwa maneno hayohayo. Nilipolifungua, punje zilikuwa zimeshikana na vumbi la kijani. Nilitaka kuyaanika na kuyakaanga, nikaambiwa sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiishi kwa jua wala kwa moto wa jikoni. Inaharibu ini la kuku, na inaweza kupita mpaka kwenye yai analokula mwanao. Nilichimba shimo nikayafukia yote, na hela yangu ikaenda.

Ukipunguza nafaka, punguza taratibu ndani ya wiki mbili, wala usitegemee mayai kesho yake. Mafuta ya tumboni hayayeyuki haraka. Wangu walichukua zaidi ya mwezi kufika mayai 11, na matetea wawili hawakutaga tena.