Jibu: Armstrong alizaliwa lini hasa?

Sheikh wangu, umeuliza mbona redio ilimtaja Louis Armstrong, yule Mmarekani mpiga tarumbeta wa jazz, kuwa kazaliwa tarehe 4 Julai, na kalenda yako inasema 4 Agosti. Shika ya kalenda: 4 Agosti 1901.

Mwenyewe alisema siku zote kazaliwa 4 Julai 1900, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Akafariki 6 Julai 1971 bado ameishikilia. Ni miaka ya 1980 ndipo likafukuliwa daftari la ubatizo la kanisa moja New Orleans: mtoto kabatizwa 25 Agosti 1901, na siku ya kuzaliwa imeandikwa pale pale, kwa Kilatini. Mimi simlaumu. Marehemu babu yangu hapa Malindi kitambulisho kilisema 1 Januari. Karani alimuuliza, babu akajibu "wakati wa kusi", na Januari huvuma kaskazi!

Ukitaka tarehe isiyo na ubishi, chukua 12 Novemba 1925, Chicago, aliporekodi mara ya kwanza na kundi lake la Hot Five. Nina santuri yao moja ya zamani. Chumvi ya pwani imeila, kinanda hukisikii vizuri, ila tarumbeta bado inatoboa.