Swichibodi inawaka, ujumbe wa sauti haufunguki: tupige formati?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani katika ofisi inayohudumia wakulima wa korosho, Nachingwea. Simu zetu za mezani zote zinapita kwenye kompyuta moja yenye Asterisk, programu inayoendesha simu, na FreePBX, programu ya kuisimamia, na mkulima akipiga jioni tukiwa tumefunga anaacha ujumbe wa sauti. Ijumaa usiku umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa. Jumatatu kompyuta ikawaka bila shida, lakini simu zote zinaandika hazijasajiliwa, na nikibonyeza *97 nisikilize ujumbe, kimya. Fundi wetu wa Dar es Salaam alinielekeza kwa simu niandike asterisk -r. Ikatoka "Unable to connect to remote asterisk", halafu ikauliza kama asterisk.ctl ipo. Nimeitafuta, haipo. Anasema faili muhimu limepotea, tupige formati tuweke mfumo upya. Ujumbe wa wakulima umo humo. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usipige formati, na asije mtu yeyote akaipiga kabla hujamaliza kusoma majibu haya.

Hakuna faili lililopotea. Hiyo asterisk.ctl haihifadhi kitu chochote. Ni mfano wa dirisha lako la kupokelea wakulima: karani akifika asubuhi analifungua kutoka ndani, akiondoka linafungwa. Asterisk ikiamka inajitengenezea asterisk.ctl yenyewe ndani ya /var/run, na folda hiyo katika mifumo ya siku hizi hukaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa hiyo mashine ikizimika kila kilichomo kinafutika. Ukikuta dirisha limefungwa, maana yake karani hajafika. Sentensi uliyoiona inasema hivyo tu: Asterisk haijaamka. Nimeona mafundi wengi wakipoteza siku nzima kulitafuta faili hilo, na wengine wanaliunda kwa mkono, jambo ambalo halisaidii kitu.

Na katika maelezo yako kuna habari njema. Kompyuta imewaka, imesoma diski, imekufikisha mahali pa kuandika amri. Pawasaplai, RAM na diski vimefanya kazi yake. Tatizo liko juu ya hapo, kwenye programu, na sababu zake zinahesabika.

Kabla ya kugusa chochote, toa nakala. Chomeka flashi, andika lsblk uone imepewa jina gani (mara nyingi ni sdb1), kisha mount /dev/sdb1 /mnt. Halafu:

cp -r /var/spool/asterisk/voicemail /mnt/
cp -r /etc/asterisk /mnt/

Folda ya kwanza ndiyo yenye sauti za wakulima. Ya pili ina mipangilio ya Asterisk. Vikishakuwa kwenye flashi, andika umount /mnt ndipo uichomoe. Kuanzia hapo hata ukikosea, sauti za wakulima zina nakala.

Sasa andika df -h. Tazama mstari unaoishia na alama ya / peke yake. Ukisoma 100%, umempata mhalifu. Diski ikijaa Asterisk haiwezi kuandika logi (kumbukumbu za kazi zake), na MariaDB, ambayo ndiyo hifadhidata inayotegemewa na FreePBX, nayo inagoma kuamka. Mfumo uliokuwa ukijikokota na diski iliyojaa unaweza kuendelea kwa muda kwa sababu ulishaamka zamani. Umeme ukikatika mara moja tu, mfumo hauamki tena. Ndiyo maana watu wanalaumu umeme kwa jambo lililoanza miezi mitatu nyuma.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wakiona diski imejaa wanakimbilia kufuta ujumbe wa sauti. Tupige hesabu. Sauti ya simu ikihifadhiwa kama wav ya kawaida hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo baiti 2. Hiyo ni kilobaiti 16 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti moja kwa dakika. Asterisk yenyewe, usipoibadilisha, inaruhusu ujumbe 100 tu katika kila folda ya sanduku. Ujumbe 100 wa dakika mbili mbili ni megabaiti 200 hivi. Hata mpangilio wako ukiwa ule wa mfano unaokuja na Asterisk, wav49|gsm|wav, unaohifadhi kila ujumbe kwa nakala tatu, bado huwezi kujaza diski kwa sauti za wakulima peke yake. Kinachojaza ni rekodi za mazungumzo. Kama bosi aliagiza kila simu irekodiwe, zimo kwenye /var/spool/asterisk/monitor, na hizo hazina kikomo cha 100. Simu mia kwa siku za dakika nne nne ni megabaiti 400 kwa siku. Ukianza kurekodi minada ya korosho inapoanza mwezi wa kumi, ukifika mwezi wa kwanza una gigabaiti makumi. Pima:

du -sh /var/spool/asterisk/monitor /var/spool/asterisk/voicemail /var/log/asterisk

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja hapa Mtwara ambako walishafuta ujumbe wote wa sauti, wakapata nafasi kidogo mno, mfumo ukaendelea kugoma. Rekodi za monitor zilikuwa zimekalia diski karibu yote. Uliniuma sana ule ujumbe. Basi, hamisha rekodi za miezi ya zamani kwenye diski ya nje, hakikisha zinasikika huko, ndipo uzifute hapa. Voicemail iache.

Diski ikiwa na nafasi, tazama hifadhidata: systemctl status mariadb. Ikiwa imekufa, kuna uwezekano umeme uliikatiza ikiwa katikati ya kuandika. Hapo usijaribu tiba ya kubahatisha, chukua mistari ya mwisho ya journalctl -u mariadb umpelekee fundi wako.

MariaDB ikiwa hai, fuata umiliki wa mafaili. Asterisk kwenye FreePBX huendeshwa na mtumiaji anayeitwa asterisk, si root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Mtu akiwahi kuiwasha kwa mkono akiwa root, mafaili mapya yanaandikwa kwa jina la root, na siku inayofuata Asterisk inafika mlangoni na kukuta nyumba yake ina kufuli la mtu mwingine. Nakuomba ukumbuke kama siku hizi mbili tatu mmeambiwa muandike asterisk bila ile -r. Kama ndiyo, tiba ni fupi: fwconsole chown, kisha fwconsole start.

Bado? Sasa iulize yenyewe. Andika asterisk -U asterisk -cvvvvv. Hiyo -U inaifanya iamke kwa jina lake ili usirudie kosa la root. Mistari itashuka kwa kasi. Unachotaka ni mstari wa mwisho kabla haijasimama. Piga picha ya skrini. Ukiona imetaja faili fulani la mipangilio na namba ya mstari, tatizo liko hapo hapo, mara nyingi ni mabano au herufi iliyoharibika.

Isipokufa bali ikaganda tu, angalia intaneti yenu. Asterisk za zamani zinazotumia chan_sip, sehemu yake ya zamani ya kushughulikia simu, zinapoamka huulizia kwanza anwani ya kampuni inayowapa laini. Kama anwani imeandikwa kwa jina na intaneti haipo, inasubiri jibu lisilokuja, na simu za mezani zilizomo ndani ya jengo hilo hilo zinakaa bila huduma. Unakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikasumbua sana nchini? Siku kama ile hata simu ya kutoka mapokezi kwenda stoo inaweza kugoma kwa sababu hiyo. Fundi wako aandike namba ya anwani ile kwenye /etc/hosts, faili la majina na anwani lililomo ndani ya mashine yenyewe.

Kuhusu UPS, kile kiboksi cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, kama umeme ulipokatika mashine ilizimika hapo hapo, betri imechoka. Betri za risasi zilizomo hazipendi joto. Zinatengenezwa kwa nyuzi 25, na kwa kila nyuzi 10 zaidi umri wake hupungua kwa karibu nusu. Chumba kisicho na feni Nachingwea mwezi wa kumi na moja si mahali pake. Angalia pia tarehe ya kompyuta kwa kuandika date. Ikionyesha mwaka wa zamani, badilisha betri ndogo ya bodi, CR2032, la sivyo ujumbe mpya utaandikwa tarehe za uongo.

Na wakati unamsubiri fundi, wakulima wako hawana haja ya kusubiri naye. Chomeka ile flashi kwenye kompyuta yoyote ya ofisini. Ingia voicemail, kisha default, kisha namba ya simu yako ya mezani, kisha INBOX. Utakuta msg0000.wav, msg0001.wav na kuendelea. Hizo zinasikika kama wimbo wowote. Pembeni ya kila moja kuna faili la jina lile lile linaloishia na .txt. Lifungue, soma mstari wa callerid, hiyo ndiyo namba ya aliyekupigia. Unaweza kuanza kuwapigia leo hii kwa simu yako ya mkononi.