Jibu: Tulipe mia tano tuingie CFA ama tuachane nayo?

Dada, umesema kikundi chenu cha akina mama wa kuni kimeambiwa kila mmoja atoe shilingi mia tano muingie CFA, yaani chama cha wananchi wanaoutunza na kuutumia msitu wa jirani, halafu "mtapewa haki ya msitu". Humu wengine wamekwambia ni utapeli, wengine wanakusukuma mlipe upesi kabla nafasi hazijaisha. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha wafuga nyuki ndani ya CFA moja ya upande huu wa Dagoretti kwa miaka saba. Msitu sitautaja, watu wake bado tunasalimiana. Ushauri wangu ni msilipe bado. Ulizeni kwanza mkataba uko wapi.

Nasema mkataba, si cheti. Sisi tulichanganya hivyo viwili na tukalipia.

Tuliandikisha chama 2014. Cheti kilipotoka tulikitia fremu, tukachinja mbuzi, mwenyekiti akatangaza kwamba sasa msitu ni wetu. Kuanzia hapo tulifanya kazi kama watu waliorithishwa. Kiangazi cha Januari na Februari tulikuwa tunalala kwa zamu kuangalia moto, tochi zetu, gambuti zetu, chai ya kutoka nyumbani. Tulianzisha kitalu, tukapanda miche ambayo mingine leo huwezi kuikumbatia ukaimaliza. Nyuki tuliwaweka mizinga kumi na minane upande wa mto. Foresta wa wakati huo, aliyewekwa na KFS, shirika la misitu la serikali, alikuwa mtu mzuri, akitukuta anasema "endeleeni, vijana." Basi tukaendelea.

Akahamishwa. Aliyekuja baada yake akazunguka msitu wiki ya kwanza, akaona mizinga, akauliza ni ya nani na nani aliruhusu. Asubuhi moja nikapigiwa simu: mizinga yote iko nje ya geti, mingine imepasuka, nyuki wamejaa barabarani na watoto wa shule hawapiti. Tulikwenda watu wanane na cheti chetu, tumekitoa ukutani na fremu yake. Jamaa akakisoma chote, taratibu, akaturudishia. Akasema, "Hii inaonyesha nyinyi ni chama. Hata kwaya ina cheti kama hiki. Mkataba wenu na KFS uko wapi?"

Tulimchukia sana siku ile. Lakini alikuwa sahihi.

Mambo yako hivi. Sheria ya misitu ya 2005 ndiyo iliyowafungulia wananchi mlango wa CFA, na ile ya 2016 ikauacha wazi. Ila ni mlango wa hatua tatu, na wengi tunaishia ya kwanza. Chama kinaandikishwa. Kisha unatengenezwa mpango wa kusimamia msitu kwa pamoja, unaosema msitu una nini na kila sehemu itatumikaje. Kisha KFS na CFA wanatia sahihi mkataba unaotaja kitu kimoja kimoja mnachoruhusiwa: kuni, asali, dawa za mitishamba, majani ya mifugo, kutembeza wageni na kadhalika. Kisichoandikwa humo mnakipata kwa hisani ya aliyeko ofisini, na yeye atahamishwa tu. Hata ukishatiwa sahihi, sheria inaruhusu uvunjwe mkikiuka masharti, kwa hivyo msidhani ni hati ya shamba. Msitu wa serikali unabaki ardhi ya umma.

Hapo ndipo naomba tusichanganye madai. Kuna ndugu juu hapo ameleta habari ya Waogiek wa msitu wa Mau. Hao hawaombi kibali cha kuokota kuni. Wanadai ardhi ya mababu, na Mahakama ya Afrika kule Arusha iliwapa ushindi 2017, kisha 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Katiba yenyewe, Kifungu 63, inahesabu misitu ya jamii na ardhi za wawindaji na warina asali wa asili kuwa ardhi ya jamii. Dai lao ni zito kuliko letu na halipiti kwenye CFA. Sisi wa Nairobi wengi tumekuja hapa na matatu.

Mwingine ameuliza kwa nini tusifanye kama Tanzania. Kule kijiji kinaweza kuwa na msitu wake kwenye ardhi ya kijiji, kinauhifadhi, kinauza mbao na mapato yanabaki kijijini. Ni jambo zuri, lakini Nairobi kijiji chenye ardhi ya namna hiyo utakitoa wapi? Mfano wa karibu ni Gazi kule Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mkataba wa hekta 117 za mikoko, na kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inaihifadhi. Pesa zimeingia kwenye maji na shule. Walianza kuuza mwaka 2013 hivi. Bila karatasi ile yenye mipaka na hekta, hakuna mnunuzi angekaa nao meza moja.

Hapa mjini tuna msitu wa Karura, na kila mtu anapenda kusema "tufanye kama Karura". Karura iliokolewa na Wangari Maathai na wenzake waliopigwa na wahuni Januari 1999 wakijaribu kupanda mche. Watu wakisahau hilo wanadhani ule uzio na ile njia ya baiskeli vilishuka kutoka mbinguni. Na 2025 KFS ilipotangaza malipo ya langoni yote yapitie eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, Friends of Karura, chama cha wananchi cha msitu huo, walikimbilia mahakamani, na walikuwa na mkataba wa kuweka mbele ya jaji. Sisi na mizinga yetu kumi na minane tungeweka nini? Picha ya mbuzi?

Linganisha na msitu wa Ngong Road, ambao ulitangazwa hifadhi 1932 ukiwa na karibu hekta 2,900 na leo imebaki kama 1,200. Ulimegwa kipande kwa kipande, mwisho barabara ya Southern Bypass ikapita katikati. Majirani wa kuulinda walikuwepo miaka yote hiyo. Walichokosa kwa muda mrefu ni mahali pa kusimama wakati wa kusema hapana.

Baada ya ile aibu ya geti tulianza upya, na mpango ukatuchukua zaidi ya miaka miwili. Aliyeajiriwa kutuandikia alituletea kitabu cha Kiingereza kinene kama Biblia, kamati ikataka kupitisha siku hiyohiyo kwa sababu soda zilishafunguliwa. Nilikataa kuandika kumbukumbu za kikao hadi sehemu ya matumizi isomwe kwa Kiswahili. Walikasirika, wakasema nachelewesha maendeleo. Tulipofika kwenye kuni, nikasoma: ruhusa ni Jumanne na Alhamisi. Mama mmoja akasimama nyuma, "Siku hizo sisi tuko Kileleshwa tunafua nguo za watu. Nani ataokota?" Kumbe siku zilichaguliwa na watu waliotaka wikendi iwe tulivu kwa matembezi na mbwa wao. Zikabadilishwa: Jumatano alasiri na Jumamosi hadi saa nne. Kitu kidogo, lakini bila yule mama akina mama wote wangekuwa wezi wa kuni kwa mujibu wa mpango waliouchangia.

Hili la tabaka mlitazame sana. CFA za mjini zina watu wa kukimbia asubuhi na watu wa kupika jioni, na kamati huwa inajaa hao wa kwanza kwa sababu wana gari, laptopu na muda wa vikao vya saa tano asubuhi. Si watu wabaya. Wengi wametoa pesa zao kununua nyaya za uzio. Lakini hakuna aliyewahi kubeba mzigo wa kuni kichwani, na uzio haujui tofauti ya mwizi wa mti na mama wa matawi makavu. Ulizeni viti vingapi vya kamati ni vya vikundi vya watumiaji, na cha kuni kama kipo.

Pesa sitaongea sana, wote tumekuwa kwenye chama. Ulizeni tu akaunti ina watia sahihi wangapi na taarifa ya mwisho ilisomwa lini.

Kuhusu PELIS, ule mpango wa kulima mazao msituni, aliyekuahidi robo ekari ya viazi msitu huu amekuongopea au hajui. Mpango huo ni wa maeneo ya kupandwa miti ya mbao, kama kule Kinale, ambapo unalima katikati ya miche hadi ikufunike. Msitu wa asili haulimwi.

Kwa hivyo mia tano zenu zikae kwa mweka hazina wenu. Nendeni ofisi ya foresta watatu au zaidi, mmoja aandike, muombe kuona mkataba uliotiwa sahihi na ukurasa unaotaja kuni. Ukiwepo na haujapitwa na muda, lipeni, mchukue risiti, na mwakani mgombee kiti. Usipokuwepo, waambieni mtajiunga mkiwa sehemu ya kuuandika, na muanze kwa kutaja siku zenu za kazi.

Mizinga? Tulirudisha kumi na mmoja, 2018. Saba ilishaoza tukisubiri sahihi.