Matone ya mnara wa kupozea maji: programu baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama mnara wa kupozea maji wa kiwanda chenu hapo Tanga ndio unaokula mabati ya majirani, na utumie programu gani kuhakikisha. Programu baadaye. Kwanza tenganisha: ule mvuke mweupe karibu hauna chumvi. Matone yanayochomolewa na feni ndiyo hubeba chumvi na dawa za maji ya mzunguko, yaani yale yanayozunguka kati ya mnara na mitambo.

Piga hesabu. Mzunguko wa mita za ujazo 1,000 kwa saa, vizuizi vya matone (vile vinavyonasa matone yasitoke na hewa) vikipitisha asilimia 0.002 ya maji hayo, ni lita 20 kwa saa. Maji yakiwa na gramu 3 za chumvi kwa lita, zinatoka gramu 60 kwa saa. Vizuizi vikiwa vimepasuka hesabu hiyo haifai, basi zimeni feni mvikague.

Karatasi za manjano zinazogeuka buluu zikiloa, ukiziweka mdomoni mwa mnara, zitakupa ukubwa wa matone. Makubwa huanguka karibu; madogo hukauka angani, chumvi yake ikasafiri. Na tafadhali sana, weka sahani za kunasa chumvi pande zote, wakati wa kusi na wa kaskazi. Bahari nayo inaleta chumvi. Bila sahani za upande upepo unakotoka, utaulaumu mnara bure.